Wenza wa ukanda wa dhahabu, msisubiri mgodi ufungwe ndipo mtembee

Katika miji ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, zipo nyumba nyingi ambazo kitanda hakipoi. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku asubuhi, mama anatoka kwenda shule anakofundisha. Jioni mama akirudi, baba anavaa buti na kuwahi basi la kampuni. Wanaonana mlangoni. Wanaambiana kilichobaki jikoni, ada ya mtoto na uniti za umeme zilizosalia, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Hao ni wenye bahati, maana wanalala chini ya paa moja. Wapo ambao mke ni muuguzi Nyang'hwale na mume ni mwalimu Kishapu, na barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza haijajibiwa. Wapo wanaokaa kambini mgodini kwa wiki kadhaa huku familia ikiwa Dar es Salaam, Arusha au Mbeya. Wapo pia wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa ambao hawana ratiba kabisa. Duara likitema hawalali, lisipotema wanahangaika kutafuta jingine.

Jambo moja linawaunganisha. Wengi wao hawakuzaliwa huko, wamekwenda kutafuta. Ukiwauliza habari za mahali wanapoishi, jibu ni lile lile: hapa tumekuja kutafuta maisha tu, nyumbani kwetu ni kwingine. Miaka 5 inapita, 10 inapita, na bado wanaishi kama abiria aliyeketi stendi na begi miguuni. Siku za mapumziko zinaliwa na usingizi, kufua, msiba, kikao cha harusi, au viti vya baa iliyo karibu na nyumbani.

Gharama ya maisha hayo haionekani kwenye hati ya mshahara. Inaonekana pale wanandoa wanapogundua kwamba mazungumzo yao yote ni ya bili. Inaonekana pale mtoto anapokua akimjua baba yake kama mtu anayelala mchana, ambaye hatakiwi kupigiwa kelele. Na kila mkazi wa miji ya madini anajua upweke huo huzaa nini: michepuko, ulevi, na nyumba ya pili inayoanza kimya kimya.

Makala haya yanazungumzia dawa moja ndogo ambayo familia nyingi huidharau, nayo ni safari fupi za mapumziko. Si likizo ya mwezi mzima wala safari ya kwenda kijijini kwa Krismasi. Ni siku 2, 3 au 4 za wenza wawili kuondoka, kulala mji mwingine na kurudi.

Mgodi una mwisho

Sababu inayotolewa mara nyingi ya kutotembea ni kwamba wakati bado. Tutatembea nyumba ikikamilika. Tutatembea mtoto akimaliza kidato cha nne. Tutatembea mkataba ukiisha na mafao yakitoka.

Historia ya ukanda huu ina somo kuhusu ahadi za namna hiyo. Mgodi wa Buzwagi, pembezoni mwa mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Kahama mwaka ambao mgodi ulianza alikuwa na miaka 12 ulipofungwa. Umri mzima wa mgodi ulikuwa sawa na utoto wake. Baba aliyesema atamtembeza mwanawe kazi ikiisha, kazi iliisha, na mtoto naye alikuwa anakaribia kwenda sekondari, akitaka kutembea na wenzake kuliko na wazazi.

Geita nayo ilishapitia hali hiyo. Mgodi wa zamani wa enzi za ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000 ulipoanza mgodi wa sasa wa Geita Gold Mine. Kati ya kufungwa na kufunguliwa ilipita miaka zaidi ya 30, umri wa kizazi kizima. Dhahabu inaweza kukaa chini ya ardhi ikasubiri. Ujana wa wanandoa na utoto wa watoto wao havisubiri.

Kinachofanyika Ulaya

Watanzania wanaoishi Ulaya kwa masomo au kazi wana mazoea ambayo ndugu zao wa nyumbani huyaona kwenye simu na kuyachukulia kuwa ni utajiri. Ijumaa jioni wenza wanapanda treni au basi, Jumamosi wako mji mwingine, Jumapili usiku wamerudi, na Jumatatu kila mmoja yuko darasani au kazini.

Ukichunguza, si utajiri. Ni mambo matatu. La kwanza ni ukaribu: kutoka Brussels hadi Paris treni ya kasi haitumii hata saa moja na nusu. La pili ni mipaka: mwenye kibali cha ukaazi cha nchi moja ya eneo la Schengen anaweza kutembelea nchi nyingine za eneo hilo hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba viza mpya. La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba siku zao zinahesabika. Aliyekwenda kusoma shahada ya uzamili ya miaka 2 anajua tarehe ya kurudi. Kwa kuwa anajua ataondoka, hataki kuondoka bila kuona.

Hapo ndipo kichekesho kilipo. Mwanandoa aliyehamia Geita au Kahama naye anajua ataondoka. Lakini kujua huko kunamfanya asione chochote, wakati mwenzake wa Ulaya kunamsukuma aone kila kitu. Hali ni ile ile ya ugenini, ila uamuzi ni tofauti.

Na yale mambo mawili ya mwanzo, ukaribu na mipaka, sasa yapo pia Kanda ya Ziwa.

Mwanza: siku 2 zinatosha

Kwa miaka mingi, aliyetoka Geita kwenda Mwanza alikuwa na hofu moja: kivuko cha Kigongo–Busisi. Foleni ya magari, jua, wauza mahindi na machungwa, na saa zisizotabirika. Mtu mwenye mapumziko ya siku 2 alikuwa akihesabu na kuona nusu ya siku itaishia ukingoni mwa maji. Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3. Ng'ambo ambayo ilikuwa ya kusubiri kwa saa sasa inavukwa kwa dakika chache. Mkazi wa Geita anaweza kutoka baada ya chai ya asubuhi akala chakula cha mchana Mwanza. Wa Shinyanga na Kahama wana barabara yao ya lami isiyohitaji kuvuka maji.

Wengi huenda Mwanza kwa shughuli: hospitali ya rufaa, vipuri, nguo za dukani. Wanafika, wanamaliza, wanarudi. Wachache wamewahi kuingia Kisiwa cha Saanane, ambacho boti hukifikia kwa dakika chache kutoka eneo la Capri Point. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, ikiwa na kilomita za mraba zisizozidi 3, maji yakiwemo. Ilianza kama bustani ya wanyama miaka ya 1960, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kuna swala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, ndege wengi, na njia za kutembea kwa miguu hadi mahali unapoliona jiji lote. Kwa wenza waliozoea kuonana mlangoni, saa 3 za kutembea taratibu juu ya mawe, bila kazi ya kufanya, si jambo dogo.

Siku ya pili inaweza kuwa ya Bujora. Makumbusho haya ya Wasukuma yako Kisesa, kando ya barabara ya kwenda Musoma, na yalianzishwa na padri kutoka Canada, David Clement, aliyefika huko miaka ya 1950. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, ngoma za watemi, vifaa vya waganga na vya wawindaji, na kanisa lililojengwa kwa kufuata nyumba ya mtemi. Kwa familia zilizohamia kutoka mikoa mingine, Bujora ni mahali pa kuwaelewa majirani. Mtoto anayesoma na akina Masanja na akina Kabula anajua kuitikia salamu ya mwangaluka, lakini pengine hajui kwa nini vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinashindana, wala kwa nini kuna wacheza ngoma wenye kushika chatu. Mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika tamasha la Bulabo ambapo pande hizo mbili hushindana hadharani. Likiangukia likizo ya shule, ni safari ya familia nzima.

Kati ya Saanane na Bujora kuna mambo ya bure: jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, sato wa kuchoma kando ya ziwa, na asubuhi soko la Mwaloni Kirumba kwa anayetaka kurudi na dagaa au kayabo za jirani aliyebaki kuangalia nyumba.

Siku 3: kisiwa au mji wa kahawa

Mwenye siku 3 anaweza kutazama upande wa magharibi. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ipo ndani ya Mkoa wa Geita wenyewe. Boti huondoka Nkome, wilayani Geita, au Kasenda, wilayani Chato, na ya Kasenda ndiyo safari fupi zaidi ya majini. Kisiwani hakuna simba. Kuna tembo, twiga, viboko, mamba na nzohe, swala wa majini wenye kwato ndefu.

Kuna pia sokwe, na historia yao inafaa kusimuliwa kwa watoto. Miaka ya 1960 shirika la uhifadhi la Frankfurt, Ujerumani, lilichukua sokwe waliokuwa wakiishi kwenye bustani za wanyama za Ulaya, likawasafirisha na kuwaachia Rubondo. Walikuwa wamezoea kulishwa na binadamu. Wakajifunza upya kutafuta chakula, wakazaana, na wajukuu wao ni sokwe wa porini kabisa.

Hii ni safari inayohitaji fedha zaidi ya Mwanza, hasa boti, ambayo huwa nafuu familia mbili au tatu zikiungana. Kabla ya kusema ni ghali, ulizeni kwanza ofisi za TANAPA. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiwango chake ni cha chini sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Bebeni vitambulisho vya taifa, na mjue kwamba malipo hufanyika kwa njia ya kielektroniki, si kwa noti mkononi.

Asiyependa pori ana Bukoba. Inafikika kwa barabara kupitia Chato na Muleba, au kwa meli ya MV Victoria inayosafiri usiku kutoka Mwanza. Wenza wengi wanaoishi kilomita chache kutoka Ziwa Victoria hawajawahi kulala juu ya maji yake. Huko Bukoba kuna ndizi, kahawa ya kutafuna, ufuko wa katikati ya mji, na ukibahatika kufika Novemba au Desemba, msimu wa senene.

Siku 4 au 5: Kigali

Kwa wale ambao zamu zao zinawapa mapumziko marefu, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kutoka Kahama, mji mkuu wa nchi nyingine unafikika kwa barabara ya lami. Ni barabara ile ile ya malori ya mizigo. Inapita Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi hadi Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera. Wa Geita hupitia Katoro na Biharamulo. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150 za vilima. Si safari ya siku 2. Mnahitaji siku nzima kwenda na siku nzima kurudi.

Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Rwanda, lakini anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na mtoto naye anahitaji hati yake. Anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake ni vizuri abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Bebeni pia kadi za chanjo ya homa ya manjano, maana mipakani huulizwa.

Yapo mambo madogo ya kujua. Rwanda magari hupita kulia, hivyo mwenye gari lake hubadili upande akishavuka mpaka. Saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Abiria wa pikipiki huvaa kofia ngumu, na pikipiki hubeba abiria mmoja tu, si mishikaki. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi asubuhi ni umuganda, siku ya usafi na kazi za jamii. Maduka hufungwa na barabara huwa tupu hadi shughuli iishe. Mkifika siku hiyo, pangeni matembezi ya mchana.

Kigali ni mji wa kutembea jioni bila haraka, na hiyo pekee inatosha kwa wenza. Ila wengi hufika pia Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walikozikwa watu zaidi ya 250,000. Wazazi wapime umri wa watoto kabla ya kuwaingiza, maana kuna chumba cha picha za watoto waliouawa ambacho hata watu wazima hukishindwa. Kijana wa sekondari anaweza kuingia na mzazi, na waketi baadaye kuzungumza. Wa darasa la pili abaki nje na mmoja wenu.

Fedha zitoke wapi

Hapa ndipo mipango mingi hufa. Mume anasema kuna saiti ya kujenga nyumbani, mke anasema kuna ada, na wote wana haki. Lakini familia hizo hizo hutoa michango ya harusi za watu wasiowajua vizuri, na siku ya mshahara fedha nyingine huyeyuka baa bila risiti. Swali si kama fedha ipo. Swali ni kama safari ina jina kwenye bajeti.

Fungueni pochi ya pamoja kwenye simu au kibubu kwa ajili ya safari tu. Mkiweka Sh10,000 kila wiki, baada ya wiki 12 mna Sh120,000. Si nyingi, lakini ni nauli za basi na usiku mmoja wa gesti ya kawaida kwa watu wawili wasiotaka makubwa. Mkiweka Sh20,000, mara 4 kwa mwaka mnaweza kwenda mahali. Mwenye kipato kikubwa apandishe, mwenye kidogo aongeze wiki.

Kwa mchimbaji mdogo hesabu ni tofauti, kwa sababu fedha yake haiji kwa mwezi. Yeye atenge siku ile ile duara likitema, kabla wenye madeni na marafiki hawajasikia. Wanawake wengi wa maeneo ya machimbo wako kwenye vikoba na wanajua nidhamu hiyo kuliko waume zao. Fedha ya safari ikae mkononi mwa mwenye nidhamu.

Jambo jingine ni kukubaliana kiwango kabla ya kuondoka. Kama mmoja anafikiri mnalala hotelini kando ya ziwa na mwingine anafikiri mnafikia kwa shemeji, ugomvi utaanzia stendi. Na kufikia kwa ndugu ni vizuri, lakini hiyo ni ziara ya kusalimia. Mkifika kwa ndugu mtapewa vitanda tofauti, mtaombwa msaada na mtapelekwa msibani. Safari ya wenza ni ile ambayo hakuna anayewasubiri.

Watoto waende au wabaki?

Vyote viwili, kwa zamu. Safari moja iwe ya familia nzima, inayofuata iwe ya wawili.

Ile ya familia ipangwe kwenye likizo, Juni au Desemba, na mtoto apewe kazi: mmoja ashike tiketi, mwingine aandike matumizi, mdogo achague chakula cha mchana. Baba anayelala mchana wiki nzima anapata nafasi ya kuonekana akiwa macho, akicheka, akiuliza njia, akikosea njia. Mtoto hukumbuka hayo kuliko anavyokumbuka zawadi.

Ile ya wawili huwapa shida akina mama zaidi, kwa sababu ya kuwaza nani atabaki na watoto. Bibi akiwa karibu, ni jibu. Asipokuwepo, familia mbili zinazoaminiana zinaweza kubadilishana: leo watoto wako kwangu, mwezi ujao wangu kwako. Kumwachia dada wa kazi peke yake usiku 2, hasa akiwa naye ni binti mdogo, si busara. Na mama asiulizwe na mashemeji kwa nini amewaacha watoto, kama ambavyo baba haulizwi anapokwenda zamu.

Tahadhari nne

Ya kwanza ni usingizi. Aliyetoka zamu ya usiku asishike usukani asubuhi hiyo. Alale kwanza, waondoke mchana, au wapande basi. Barabara za ukanda huu zina malori makubwa mchana na usiku, na dereva anayesinzia hana nafasi ya pili.

Ya pili ni maji ya ziwa. Kichocho kipo pembezoni mwa Ziwa Victoria, na mamba na viboko wapo. Watoto wasioge ufukweni kwa sababu tu wamewaona wengine wakioga. Boti yoyote, hata ya safari ya dakika 10, kila mmoja avae jaketi la uokoaji, na chombo kikijaa kupita kiasi shukeni. Kanda hii imeshapoteza mamia ya watu majini, ikiwemo ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 na ya MV Nyerere ya Septemba 20, 2018. Hakuna aibu kushuka.

Ya tatu ni malaria. Gesti isiyo na chandarua, ulizeni kingine au bebeni chenu.

Ya nne ni simu. Msimamizi wa zamu akipiga siku ya mapumziko, apigiwe jioni, isipokuwa kuna dharura ya kweli. Na mwenye duara asimamie karasha lake kwa simu moja kwa siku, si 20.

Safari haitibu kila kitu

Ni lazima isemwe kwamba ndoa yenye kipigo haiponi kwa kupelekwa Mwanza. Ukatili unahitaji wazee, viongozi wa dini, dawati la jinsia la polisi au ustawi wa jamii. Mwenye nyumba ya pili naye hawezi kuifuta kwa chakula cha jioni kando ya ziwa.

Pia wenza ambao hawajakaa pamoja siku 2 mfululizo kwa muda mrefu wasishangae kama safari ya kwanza itakuwa na ukimya, au hata ugomvi. Mazungumzo yao yamezoea bili, na bili zimebaki nyumbani. Hawajui waongee nini. Wasiseme safari imeshindikana. Njiani, ndani ya basi, watu wawili wametazama mbele na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, na maneno magumu hutoka kwa urahisi kuliko sebuleni. Wengi watasema humo mambo waliyoshindwa kuyasema miaka mingi: kwamba mkataba unakaribia kuisha, kwamba mke amechoka kuishi mbali na wazazi wake, kwamba mume anaogopa kushuka tena chini ya ardhi.

Hayo ni mambo ya kujua mapema, kabla barua ya kupunguzwa kazi haijafika. Familia zilizowahi kufungiwa mgodi zinajua kwamba siku hiyo ikifika, mwanamume aliyezoea zamu anarudi nyumbani moja kwa moja, na wawili wanabaki wakitazamana kuanzia asubuhi hadi usiku. Kama hawakuwahi kujifunza kukaa pamoja kwa siku 2, watajifunzia hapo, bila mshahara.

Kwa hiyo ratiba ya zamu ya mwezi ujao ikitoka, iwekwe mezani pamoja na kalenda ya shule ya watoto. Tafuteni siku 2 ambazo wote mko huru, zungushieni duara kwa kalamu, na mkubaliane mji. Nauli ikikosekana kabisa, pandeni basi la asubuhi hadi mji wa jirani, mle samaki, mrudi jioni. Safari ya kwanza haihitaji kuwa nzuri. Inahitaji tarehe.